Kukanda Kiuno Kilichokaza: Mwongozo Kamili wa Kutibu Misuli ya Kiuno kwa Mikono

Mzee aliingia ameinama upande mmoja kama mnazi uliozoea upepo wa kusi. Mkono wa kushoto ameushika kiunoni, wa kulia umeng'ang'ania mlango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kiuno kimenikamata tangu juzi, nilikuwa nashusha lumbesa ya viazi. Wameniambia nije huku unirudishie mfupa mahali pake."

Nilimlaza kifudifudi, nikaweka kiganja kando ya uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu. Upande wa kulia nyama ilibonyea kama inavyotakiwa. Wa kushoto ulikuwa mgumu kama kamba ya mkonge iliyovutwa, na nilipougusa tu vidole vya miguu yake vikajikunja. Hakukuwa na mfupa uliotoka. Pingili za kiuno zimefungwa kwa kano nene, haziachi mahali pake kwa sababu ya gunia. Misuli ilivutwa kupita kiasi, mwili ukashtuka, ukaikaza ili mahali pale pasitikisike tena. Mkazo huo wa kujilinda ndio uliogeuka kuwa maumivu.

Naanza na hili kwa sababu linabadilisha mikono. Anayeamini kwamba anarudisha mfupa hutumia nguvu. Anayejua kwamba anautuliza msuli ulioshtuka hutumia subira, na hatua zote zilizo hapa chini ni za huyo wa pili. Nimeziandika kwa wanafunzi wa fiziotherapia, kwa wakandaji wetu wa mitaani, na kwa mke, mume au mtoto anayetaka kumsaidia mtu wake nyumbani bila kumuumiza.

Uliza kabla ya kugusa

Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na ugonjwa mkubwa. Hata hivyo, yapo machache ambayo mkono haufai kabisa, na hayo lazima uyatafute kwa maswali. Mimi humkalisha mtu dakika 5 nzima kabla sijavua saa. Huuliza yalianzaje, yanauma wapi, yanashuka mguuni au la, usiku yakoje, mkojo na choo vikoje, anatumia dawa gani.

Usikande, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, ukisikia mojawapo ya haya:

- Ganzi sehemu za siri au eneo linalogusa tandiko anapopanda baiskeli, mkojo kugoma kutoka, au mkojo na haja kubwa kumtoka bila kujua.
- Mguu unaishiwa nguvu, nyayo inaburuta, au miguu yote miwili imelegea.
- Ameanguka kutoka juu ya mti au amepata ajali ya pikipiki. Kwa mzee ambaye mifupa imedhoofika, hata kuteleza bafuni kunatosha kuvunja pingili.
- Homa pamoja na maumivu ya kiuno, hasa kama mkojo unachoma. Huenda ni figo.

Wengine hawana dharura ya saa ileile lakini bado wanahitaji vipimo kwanza: anayekonda bila sababu, anayetoka jasho usiku, aliyewahi kuugua saratani, na yule ambaye maumivu hayapungui kwa mkao wowote hata akilala. Kwetu Afrika Mashariki nayakumbuka zaidi mawili. Kifua kikuu hakiishii kifuani, huingia pia kwenye pingili za mgongo na kuzila taratibu. Na brusela, ambayo watu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo, huleta homa za kuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno na nyonga. Mfugaji akija na hadithi hiyo, mpeleke akapimwe damu, usimpake mafuta. Mwenye selimundu naye, kiuno kinaweza kumuuma kwa sababu ya ugonjwa wake kupamba moto, na hapo tiba yake iko wodini.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asibonyezwe kwa nguvu, atavia damu. Mwenye mguu mmoja uliovimba, wa moto na wenye kuuma kwenye shavu la mguu usimguse mguu huo, inaweza kuwa damu iliyoganda. Mjamzito anaweza kukandwa kiuno akiwa amelala kwa ubavu, kwa upole, baada ya kliniki kusema hana tatizo.

Pima kwa macho na kwa mwendo

Mwambie asimame na kuinama mbele polepole, mikono ikining'inia. Vidole vimefika wapi? Juu ya goti, kwenye ugoko, karibu na kifundo? Kumbuka mahali hapo au paandike. Kisha ajipinde nyuma, kulia, kushoto. Msuli uliokaza kwa kawaida huuma unapovutwa au unapofanya kazi, na mgonjwa hukuonyesha kwa kiganja kizima: "eneo hili lote." Mwenye neva iliyobanwa mara nyingi huchora mstari kwa kidole, kutoka takoni kushuka hadi chini ya goti.

Ili kuhakikisha, mtembeze hatua 10 kwa visigino, kisha 10 kwa ncha za vidole. Halafu mlaze chali, unyanyue mguu mmoja ulionyooka taratibu. Ukivuta nyuma ya paja tu, ni misuli mifupi, jambo la kawaida. Ukileta umeme unaopita goti kushuka mpaka kwenye unyayo, hasa kabla mguu haujafika nyuzi 70, hapo kuna neva inayolalamika. Mtu huyo si wa kukandwa na jirani. Aonwe na mtaalamu, na hospitali za rufaa zina idara za fiziotherapia zinazopokea watu hawa kila siku.

Mahali, mafuta na joto

Godoro la sponji halifai. Ukibonyeza, mtu anazama na nguvu yako inapotelea kwenye godoro. Tandika blanketi lililokunjwa mara mbili juu ya mkeka, au tumia meza imara. Kama ni meza, kimo chake kifike kwenye konzi za mkono wako ukisimama mikono imening'inia. Ikizidi hapo utafanya kazi kwa mabega, ikipungua utaumwa kiuno wewe. Ukiwa sakafuni, piga goti moja, mguu mwingine usimamishe unyayo chini.

Mlaze kifudifudi, mto mwembamba chini ya tumbo kuanzia kitovu hadi nyonga. Mto huo ni kitu kidogo lakini bila huo kiuno kinabonyea ndani na misuli inabaki imefupika. Kunja kanga iwe bomba, weka chini ya vifundo vya miguu.

Na mfunike. Fungua kiuno peke yake, kuanzia mbavu za mwisho hadi juu ya makalio, sehemu nyingine zibaki chini ya kanga. Kama mkandaji ni mwanamume na anayekandwa ni mwanamke, au kinyume chake, awepo mtu wa nyumbani, na makalio yakandwe juu ya nguo. Mwambie kila unapotaka kugusa kabla hujagusa. Haya si mambo ya adabu tu. Mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli, nawe utatumia nusu saa kupigana na haya yake.

Joto linakuja kabla ya mikono. Chovya taulo kwenye maji ya moto, kamua, lijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako, kisha liweke kiunoni dakika 15 hadi 20 ukilibadilisha likipoa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo kavu inafaa vilevile. Mwenye kisukari ambaye ngozi imepungua hisia asipewe joto kali, ataungua bila kujua.

Mafuta ya nazi yanatosha, kijiko kimoja cha chai. Wengi humimina, na hapo ndipo kazi inapoharibika: mkono unateleza juu ya ngozi na haushiki msuli. Dawa za kuchua zenye kafuri na mentholi sizikatazi, huleta moto wa ngozi unaofariji. Ila usipake halafu ukaweka taulo la moto juu yake, ngozi itababuka, na zile zenye salisilati, dawa ya jamii ya aspirini, zisitumiwe kwa anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda.

Jua ulipo

Weka viganja juu ya nyonga zake, pande mbili, vidole gumba vikielekeana mgongoni. Mstari unaounganisha vidole gumba hivyo unapita karibu na pingili ya 4 ya kiuno, na pingili za kiuno ziko 5. Chini zaidi kuna vibonyeo viwili vidogo, na kati yake mfupa bapa wa pembetatu unaoteremka hadi kifanduguni. Juu, pembeni, papasa ubavu wa mwisho, wa 12. Ni mfupi, haukushikamana mbele, unavunjika. Figo ziko ndani ya eneo hilo, nyuma ya mbavu za mwisho na chini yake kidogo.

Basi mipaka ni hii. Hatubonyezi juu ya mfupa wa uti wenyewe, ule unaohisi kama shanga katikati. Hatubonyezi juu ya ubavu wa 12, wala hatutwangi eneo la figo. Tunafanya kazi kwenye nguzo mbili za nyama zilizo kando ya uti, kwenye msuli wa pembeni ulio kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, na kwenye makalio.

Hatua ya kwanza: mkono uliotulia

Weka viganja viwili kiunoni, usifanye chochote. Hesabu pumzi 5 zake. Utahisi mgongo ukipanda na kushuka, na kwa kawaida pumzi ya tatu au ya nne inakuwa ndefu kuliko ya kwanza. Hapo ndipo kazi inaanza.

Wanafunzi huona hatua hii kama kupoteza muda. Mimi naiona ndiyo nusu ya tiba. Sehemu kubwa ya nafuu inayoletwa na mikono hutokana na mfumo wa neva kupunguza ukali wake, si na nyama kupondwa. Neva hazitulii kwa mtu anayeanza kwa pupa.

Hatua ya pili: kuteleza

Paka mafuta. Kwa viganja vilivyolala, teleza kutoka juu ya makalio kupanda kando ya uti hadi chini ya mabega, tawanya mikono pembeni, rudi chini ukigusa kidogo tu. Dakika 3 hadi 5. Kasi yake iwe ya mtu anayepiga pasi shati la hariri. Wakati huo viganja vinasoma: wapi pana joto, wapi pagumu, wapi anashtuka.

Hatua ya tatu: kukanda nguzo mbili

Lugha yetu imetumia neno moja kwa unga na kwa mwili, na kwa hakika harakati ni ileile ya kukanda unga wa chapati: kitako cha kiganja kinasukuma mbele, vidole vinarudisha. Simama upande wa kulia ukande nguzo ya kushoto. Weka kitako cha kiganja pembeni tu ya shanga za uti, sukuma msuli kuelekea nje, mbali na uti. Egemea kwa uzito wa mwili, kiwiko kimenyooka, usisukume kwa msuli wa mkono. Msuli utabingirika chini ya kiganja kama kamba nene. Sogea upana wa kiganja kimoja, rudia, mpaka umefika juu ya nyonga. Dakika 5 kila upande, na uanze na upande usiouma. Upande huo unaufundisha mwili nini kinakuja.

Kipimo cha nguvu: mwulize, kama 0 ni hakuna kitu na 10 ni maumivu yasiyovumilika, hapa ni ngapi? Baki kwenye 4 au 5. Kuna neno zuri la kiwango hicho, "yanauma matamu." Utamu ukiisha, umepita. Na usingoje aseme, kwa sababu wanaume wengi watavumilia ili wasionekane legelege. Tazama miguu. Vidole vikijikunja, ngumi ikifumbwa, pumzi ikikatika, punguza papo hapo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimkanda dada mmoja fundi cherehani. Alikuwa kimya, nami nikauchukulia ukimya wake kuwa ruhusa. Nikatumia kiwiko. Alirudi baada ya siku 2 na alama za kuvia damu pande zote mbili, akaniambia tangu siku ile hakuweza kukaa kwenye kiti. Sijatumia kiwiko kiunoni tena tangu siku hiyo.

Hatua ya nne: msuli wa pembeni

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wagonjwa wengi wa "kiuno kimenikamata" wanapopona na ndipo wakandaji wengi hawafiki. Kuna msuli mfupi, mpana, uliojificha chini ya nguzo ya mgongo. Unaanzia kwenye ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, unapanda kushika ubavu wa 12 na pembe za pingili 4 za juu za kiuno. Ndio unaokunyanyulia nyonga unapotembea, na ndio unaokaza unapobeba ndoo kwa mkono mmoja au mtoto upande uleule kila siku. Ukikaza, mtu anainama upande kama yule mzee.

Mgonjwa alale kwa ubavu, upande unaouma ukiwa juu. Mto mdogo chini ya kiuno. Mkono wa juu aunyooshe kupita kichwa, mguu wa juu aurudishe nyuma kidogo na kuuachia ushuke. Sasa nafasi kati ya ubavu na nyonga imefunguka, kwa wengi ni upana wa vidole vitatu au vinne. Simama nyuma yake.

Tafuta ukingo wa nje wa ile nguzo ya mgongo. Weka vidole gumba viwili, kimoja juu ya kingine, mbele kidogo ya ukingo huo, katikati ya ubavu na nyonga. Elekeza nguvu ndani kuelekea uti, si juu kuelekea ubavu. Mwambie avute pumzi. Anapoitoa, zama. Zama kwa sekunde 5 nzima, kama mguu unavyozama kwenye mchanga laini ufukweni. Utapita tabaka moja laini, kisha utakutana na kitu kinachokataa. Simama hapo. Usisukume.

Kaa sekunde 30 hadi 60. Vidole gumba vitaanza kukuambia mambo: kwanza ukinzani, pengine mtetemo mdogo, halafu ghafla nyama inalainika na kidole kinaingia bila wewe kuongeza kitu. Kama dakika imepita na hakuna kilichobadilika, toka, sogea upana wa kidole, jaribu tena. Kung'ang'ania hakusaidii.

Kisha mtumie yeye mwenyewe. Vidole vyako vikiwa palepale, mwambie avute nyonga kuelekea mbavu kwa nguvu kidogo, kama robo ya nguvu zake, kwa sekunde 5 hadi 7. Aachie, atoe pumzi. Msuli ukishafanya kazi na kuachia, hukubali kurefuka kuliko mwanzo. Acha mguu wake ushuke zaidi. Rudia mara 3 au 4. Akikuambia anasikia kitu ndani ya tumbo, kichefuchefu, au maumivu ya kina ya eneo la figo, toka mara moja na usirudi hapo siku hiyo.

Hatua ya tano: makalio

Wagonjwa hushangaa: naumwa kiuno, mbona unanishika huku? Ni kwa sababu misuli ya makalio ndiyo jirani anayebebeshwa kazi kiuno kinapogoma, na ikichoka hurudisha maumivu juu. Daktari Janet Travell wa Marekani, aliyemhudumia Rais John F. Kennedy kwa maumivu yake ya mgongo, alitumia maisha yake kuchora ramani ya vifundo vya misuli vinavyouma: unabonyeza hapa, mtu anasikia kule. Wataalamu bado wanabishana ni nini hasa kilichomo ndani ya vifundo hivyo. Kwamba vipo na vinauma, mgonjwa yeyote atakuthibitishia.

Juu ya nguo, tafuta mfupa unaotokeza pembeni mwa paja, kisha kibonyeo cha kiunoni. Katikati yake, sogea juu kidogo kuelekea ukingo wa nyonga. Bonyeza kwa kitako cha kiganja au, hapa tu, kwa kiwiko kilicholala bapa, polepole. Ukipata mahali anaposema "hapohapo!", tulia sekunde 30 hadi 60 mpaka maumivu yashuke kutoka 5 hadi 2, kisha hamia pengine. Vitatu au vinne kwa upande vinatosha. Ukisababisha umeme unaoshuka mguuni umekanyaga neva kubwa ya mguu, ondoka.

Hatua ya sita: kunyoosha, kisha kuinuka

Mgeuze chali. Goti moja likumbatiwe kifuani sekunde 20 hadi 30, mara 3, kisha jingine. Kwa wanaokaa kutwa, dereva wa bodaboda au fundi wa cherehani, misuli ya mbele ya nyonga imefupika: alale ukingoni mwa meza, goti moja kifuani, mguu mwingine uachwe uning'inie. Inatosha.

Malizia kwa kuteleza kama ulivyoanza, dakika 2. Kazi yote isizidi dakika 35 hadi 40.

Asiinuke kwa kukaa moja kwa moja kama anayeamka na njaa. Ajigeuze ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Kisha ainame tena mbele. Yale maandishi ya mwanzo ndiyo hakimu. Vidole vikishuka kutoka goti hadi katikati ya ugoko, mikono yako imefanya kazi. Visiposhuka kabisa, ama umeukosa msuli wenyewe ama tatizo si la msuli.

Siku zinazofuata

Sasa atembee dakika 10, papo hapo. Nafuu ya mikono ni ya muda, pengine saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, na muda huo ni wa kutumia. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno mwaka 2023, liliweka masaji ndani ya tiba zinazoweza kusaidia, lakini pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mikanda ya kufunga kiuno haikupendekezwa. Nakubaliana nao kwa yale ninayoyaona kila wiki: anayekandwa tu hurudi kwangu miaka nenda miaka rudi, anayekandwa na kujizoeza huacha kuja.

Mazoezi ya kuanzia ni haya, asubuhi na jioni. Alale chali, magoti yamekunjwa, abonyeze kiuno sakafuni sekunde 5, aachie, mara 10. Magoti yakiwa pamoja ayaangushe kulia na kushoto taratibu, mara 10. Akae kwa mikono na magoti kama anayedeki, akunje mgongo juu kama paka, aushushe, mara 10. Baada ya wiki moja, katika mkao huohuo anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, atulie sekunde 5, abadilishe. Asilale kitandani siku nzima akisubiri kupona. Siku moja ya kupumzika ni haki, wiki nzima inaudhoofisha mgongo.

Uchovu wa misuli hadi saa 48 baada ya kukandwa ni wa kawaida, kama wa mtu aliyeshika jembe baada ya miezi mingi. Wengi huambiwa wanywe maji mengi "kutoa sumu." Maji ni mazuri, lakini kukanda hakutoi sumu yoyote.

Kwa maumivu mapya, mkande mara 2 kwa wiki, wiki 2 au 3. Wengi huwa wamepata nafuu kubwa ndani ya wiki 6. Kama mara 3 au 4 zimepita bila badiliko lolote, acha, mpeleke mbele.

Akiwa peke yake, mpira wa tenisi unatosha. Auweke kati ya kalio na ukuta, aegemee, atafute kifundo cha msuli kinachouma, atulie sekunde 30. Asiuweke juu ya uti wala chini ya ubavu wa mwisho.

Nisichokifanya

Simkanyagi mtu mgongoni wala siruhusu mtoto amkanyage. Najua tumelelewa hivyo, baba akirudi shambani anamwita mdogo kuliko wote apande, na wengi walipata nafuu. Lakini mtoto hapimi nguvu, unyayo hauhisi ubavu wa 12, na mzee mwenye mifupa iliyodhoofika anaweza kuvunjika pingili. Kama mnapenda joto na uzito ule, mtoto akae pembeni apige viganja vyake viwili kwenye makalio ya babake, inatosha.

Sipindui kiuno kwa kishindo ili kilie "ko". Mlio ule ni gesi ndani ya kiungo, si mfupa unaorudi, na anayetaka kuufanya lazima awe amesomea miaka.

Mzee wa lumbesa nilimkanda mara 2. Mara ya tatu alikuja na mkewe, nikamwambia, "Mama, leo unafanya wewe." Alikuwa na mikono ya mtu aliyekanda unga miaka 40, imara, lakini alikwenda haraka. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, kwenye ule msuli wa pembeni, tukahesabu pumzi za mzee pamoja. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alitaka kusukuma, nikamzuia. Kwenye pumzi ya saba aligeuka kunitazama, vidole vikiwa bado palepale.

"Kumbe kinaachia chenyewe," akasema.